Kondoo wa Bure kutoka Bisil

Alhamisi, 3 Septemba 2009

Mvua hakuna. Unga umepanda tena. Kitengela yote inalia. Mimi nimelala.

Si kulala hivi hivi. Nimelala juu ya mahindi. Magunia yamepangwa chumbani mwangu ukuta kwa ukuta, mbao juu yake, godoro juu ya mbao, na juu ya godoro mimi, Masila, kijana aliyeachia shule fomu tuu kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa. Mahindi yenyewe ni ya Mama. Zamu yake ya kupokea pesa za chama ilipofika mwezi wa tano, aliagiza lori kutoka Narok, akataka kuyauza sokoni kwa gorogoro, kopo moja moja, vile amefanya tangu nizaliwe. Nikamwambia hiyo ni biashara ya kuku, kudonoa donoa. Biashara ya wakubwa ni kushikilia. Tushikilie mpaka Krismasi, nchi ikauke kabisa, ndipo tufungue mlango. Hapo tunachukua kibanda kimoja cha vile vipya vya mabati kando ya barabara ya Namanga, na juu ya mlango naandika MASILA NAFAKA, herufi nyekundu.

Mama alinitazama sana. Akasema sawa, shikilia. Ila nikumbuke huo ndio mtaji wote alio nao duniani. Ukipotea, yeye anarudi Makueni kupalilia mawe pamoja na Baba.

Nikamwambia alale. Akasema yeye halali, ana kazi.

Ijumaa, 4 Septemba

Macharia ameanza tena. Huyu ni kijana wa vitunguu, kibanda chake kinatazamana na cha Mama. Vitunguu vyake vinatoka Tanzania. Vinapita Namanga vikubwa kama ngumi, na kwa vile siku hizi ushuru wa mpakani umelegea, anauza rahisi, anamaliza mapema, halafu anakaa juu ya kreti na redio ya simu sikioni kunitafutia maneno. Leo ameniita mbele ya wateja. Waziri wa Mahindi, hujambo, umepanga tule lini?

Nikamjibu kwamba kitunguu hakijawahi kumfanya mtu tajiri, kinamfanya alie tu. Watu walicheka. Nilishinda.

Akasema redioni wametangaza mahindi ya nje yanaingia bila ushuru, meli ziko baharini. Nikamwambia meli haiwezi kufika Kitengela, tuko na mto Athi tu na umekauka. Watu walicheka zaidi. Ila hii ya pili walikuwa wanamtazama yeye kwanza ndipo wananitazama mimi. Sijapenda.

Jioni nimepata wazo. Kushikilia mahindi ni sawa, lakini mwanaume hawezi kushinda kitandani. Huko Bisil ukame umepiga, kondoo ni bei ya kuku, na watu wana njaa. Nikipeleka debe moja la mahindi si nitarudi na kondoo wawili? Namuuzia Githongo wa bucha. Hiyo ndiyo kazi inaitwa broka. Haina jembe, haina jua, ni mdomo tu, na mdomo niko nao.

Nimechota debe moja kutoka gunia la mbele. Mama hajui. Kuna mambo mzazi hapaswi kusumbuliwa nayo.

Jumapili, 6 Septemba

Nimerudi jana. Nimechoka mpaka kope. Vumbi la hiyo barabara inayojengwa limeniingia kila mahali penye tundu.

Soko la Bisil si soko, ni hospitali. Ng'ombe wanasimama kwa kuegemeana. Mmoja akisogea wawili wanaanguka. Wenye malori kutoka Nairobi walikuwa wamenitangulia, wananunua, na bei yao ni ndogo mpaka mwenye ng'ombe anageuza uso akipokea. Hakuna aliyetaka debe langu. Nikalibeba mpaka nje ya mji, boma ya kwanza hapana, ya pili mbwa, ya tatu nikamkuta mzee mmoja amekaa chini ya ukuta, anaitwa Saning'o.

Nikamnyoshea mkono. Mzee akautazama tu ule mkono. Kijana wake akaniambia niinamishe kichwa, hivyo ndivyo mtoto husalimia mkubwa. Nikainamisha. Mzee akanigusa utosini, akasema supa, ndiyo salamu yao. Nikasema poa.

Nilimweleza biashara yangu. Akasema kondoo wake si wa kubadilishana na mahindi. Amewaweka kwa siku ya shida. Nikajiambia, Masila, kama ni shida uko nazo. Nikakaa chini nikafungua mdomo. Mama mgonjwa. Baba hana kazi. Makueni hakujaota hata magugu. Nyama hatujaionja tangu Pasaka. Nyingine zilikuwa kweli.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo nyumbani halijawahi kutokea. Akaniuliza kitu kimoja tu. Unahitaji?

Nikasema nahitaji.

Akainuka, akaingia zizini, akatoka na kondoo. Akanipa kamba. Nikauliza nilipe nini, akanitazama kama nimemtemea chai. Hii si biashara, akasema. Kuanzia leo yeye si Saning'o na mimi si Masila. Nitamwita Paker, na yeye ataniita Paker, maana yake watu wenye kondoo kati yao. Nikasema asante Paker. Kwa kondoo wa bure ningekubali hata kuitwa Kabeji.

Tukanywa chai. Chai ilinilegeza ulimi, nikamsifia Kitengela kidogo. Nikamwambia kwetu chakula ni kingi, soko letu linatupa majani ya kabeji mpaka panya wamekinai. Aliuliza kama ni kweli. Nikamwambia Paker, siku yoyote, njoo ujionee.

Debe la mahindi nimerudi nalo likiwa zima. Nani mwingine Kenya hii ameenda sokoni akarudi na kondoo na mahindi yake?

Jumatatu, 7 Septemba

Kondoo ameuzwa kwa Githongo. Alilalamika kwamba ananunua mifupa yenye sweta, lakini alilipa.

Nimemsimulia Nashipae. Huyu ni mama wa Isinya anayeuza maziwa kando ya Mama, na nilitaka mtu wa kule kule asifu kazi yangu. Aliweka kopo chini. Aliuliza kama kweli nilitamka kwamba nahitaji, kwa mdomo wangu. Nikasema ndiyo, na nilitamka vizuri. Akasema basi hata mzee anaweza kutamka.

Nikauliza atamke nini.

Akasema siku mzee akiwa na shida atakuja kwangu, atasema anahitaji, na mimi nitatoa nilicho nacho. Hakuna kuhesabu, hakuna kusema ngoja kesho. Na huyo kondoo hauzwi hivi hivi kama sukari, ni kama jina la mtu. Nikamwambia shangazi usinitishe. Mimi sina kitu, na mtu hawezi kuja kuhitaji kitu ambacho hakipo.

Mama alikuwa anapanga maharagwe huku anasikia yote. Akauliza taratibu, yeye alikuwa anaugua nini.

Ijumaa, 11 Septemba

Kitanda kimeshuka upande wa kichwani. Nimeamka miguu iko juu na damu yote iko masikioni. Nimechunguza. Kuna unga unga sakafuni. Dumuzi! Wameingia magunia ya mbele, wanatoboa punje kama Wachina wanaojenga barabara. Nimemwambia Mama tunaliwa mtaji. Akasema pole, na akaendelea kula githeri.

Ajabu, dumuzi wengi wako mbele, lakini kinachoshuka ni nyuma. Wadudu hawa wana hila.

Sokoni habari ni meli. Meli zimefika Mombasa, mahindi yanashuka, wenye magodauni wameanza kuuza upesi upesi. Bei haijaanguka, inayumba. Macharia ameniuliza kama Wizara itatoa taarifa. Nikamwambia anayeshikilia hatishwi na upepo. Akasema kweli, hata kupe hushikilia mpaka ng'ombe afe.

Nilikuwa nimechoka, natafuta jibu. Nimelipata sasa, lakini ameshafunga.

Jumatatu, 14 Septemba

Paker amekuja.

Nilikuwa nimekaa mlangoni. Nikaona vumbi, nikadhani ni greda. Likatoka shuka jekundu, halafu fimbo, halafu ng'ombe wanane wanaotembea kama wanaokwenda kuomba msamaha. Mzee alisimama mbele yangu. Nikainamisha kichwa haraka, nikitumaini akikigusa tu ataendelea na safari.

Akasema, "Paker, nimekuja."

Nikasema naona Paker.

Akaeleza bila kulia, kama mtu anayesoma risiti. Alikuwa na boma limejaa. Wengine walikufa hapo nyumbani, wengine njiani, watatu wamelala Isinya na hawatainuka. Hawa wanane ndio wamebaki. Wakiisha hawa, yeye si mzee tena, ni mtu tu anayekaa kando ya barabara. Amekumbuka nilivyosema kuhusu majani ya kabeji. Halafu akalitamka lile neno.

"Nahitaji."

Nikaanza kueleza kwamba kabeji ni za msimu, na kwamba mimi binafsi si mkubwa wa soko. Mama akatoka ndani akifuta mikono. Alimtazama mzee, akatazama ng'ombe, akanitazama mimi. Akasema karibu baba, ploti ya nyuma haijajengwa, waingie huko. Akanituma maji. Kwa mtungi. Ng'ombe wanane.

Mgongo wangu umeisha.

Jumanne, 15 Septemba

Usingizi hakuna, ng'ombe wanakohoa kama wazee wa kanisa. Alfajiri Mama amenipa gunia tupu. Kuanzia leo, kazi yangu ni kuokota majani ya kabeji sokoni kote, chini ya kila kibanda, kabla wafagiaji hawajafika. Mimi, broka.

Macharia alinipisha kwa heshima ili nipite chini ya meza yake. Akatangaza kwamba Waziri amehamishwa Wizara ya Mboga.

Jambo baya zaidi limetokea saa ya chai. Paker aliuliza habari za kondoo wetu. Ndivyo alisema, wetu. Nikasema hajambo, ameenda malishoni na wenzake. Akafurahi. Akasema jioni atamsalimia.

Nimekimbia kwa Githongo. Wetu alishakuwa supu wiki jana. Ila alikuwa amefunga kondoo mwingine nyuma ya bucha anayengoja zamu, nikamwomba aniazime kwa jioni moja. Githongo alicheka mpaka akashika kisu vibaya. Alinipa, kwa sharti kwamba nitamfagilia bucha mwezi mzima.

Nikamleta. Paker alichuchumaa, akamtazama usoni. Akamtazama masikio. Akamzunguka mpaka nyuma, akainama, akakaa huko kidogo. Akasema mji huu una nguvu. Yeye alimpa Paker wake kondoo jike.

Mama aliingia ndani ghafla, nikasikia sufuria zikianguka na yeye akicheka kwa kitambaa mdomoni.

Nikasema Paker, nitakueleza. Akasema usinieleze, umechoka, mrudishe kwa mwenyewe kabla hajamtafuta. Hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Aliniita Paker vile vile usiku wote, sahani ikipita, chumvi ikipita, Paker hii, Paker ile.

Jumamosi, 19 Septemba

Kabeji hazitoshi. Na sasa kila mfugaji aliyekuja Kitengela na ng'ombe wake ameajiri mtu wa kuokota. Leo nimegombania majani na mama mmoja mzito, akashinda.

Paker amesema ng'ombe wakipata kitu cha nguvu, kidogo tu, wanaweza kungoja mvua. Hakusema mahindi. Alisema kitu cha nguvu, akatazama juu. Mama akasema, "Masila, ondoa godoro."

Nikamwambia Mama huo ni mtaji. Ni kibanda. Ni herufi nyekundu. Nilizungumza vizuri sana, nikataja meli, nikataja Krismasi. Mama alikuwa ameshainua mbao.

Magunia ya mbele, dumuzi wamefanya walilotaka. Nusu unga, nusu mende wadogo. Nikamwambia afadhali tuchukue ya nyuma, yale mazuri. Nikafungua la nyuma. Magunzi! Nikafungua la pili. Magunzi. Tangu ukutani mpaka katikati ya kitanda nimekuwa nikilala juu ya magunzi ya kuwashia moto.

Nikasema tumeibiwa. Mama akasema taratibu, nisipige kelele, mwizi ni yeye mwenyewe. Tangu mwezi wa sita, kila nikitoka kwenda kutafuta akili, yeye amekuwa akichota gorogoro na kuuza pale pale kibandani, na kujaza magunzi nisianguke. Ameuza bei ikiwa juu kabisa. Yaliyobaki ni haya ya dumuzi, aliyaacha mbele ili nikichungulia nifurahi.

Nilikaa chini. Nimelinda magunzi miezi mitatu. Hata harusi ya binamu sikwenda, kwa ajili ya ulinzi.

Baadaye nimefikiria tena. Kama nisingeshikilia, Mama asingepata cha kuchota polepole hivyo. Kwa hivyo mpango wangu ulifanya kazi. Nimemwambia. Amesema nilete shoka nipondeponde magunzi.

Jumanne, 22 Septemba

Siku mbaya kuliko zote.

Utaratibu ni huu. Magunzi yaliyopondwa, unga wa dumuzi viganja viwili, maji, majani. Viganja viwili kwa kila ng'ombe, Paker amerudia mara nyingi, akaninyoshea viganja vyake mwenyewe nione. Ng'ombe aliyekuwa na njaa, akasema, tumbo lake ni kama mlango uliofungwa muda mrefu, haupigwi teke.

Lakini mimi nina hesabu zangu. Viganja viwili ndivyo nguvu kidogo. Debe zima ni nguvu nyingi. Ng'ombe akipata nguvu nyingi anaweza kurudi Bisil mapema, na mgongo wangu upone. Paker na Mama wakaenda kuona Nashipae. Nikachagua Mugie, yule wa kahawia mwenye mimba, nikamwekea lile debe langu la Bisil, punje tupu. Alikula akinitazama kwa mapenzi.

Kabla ya adhuhuri alikuwa ngoma. Tumbo la kushoto limepanda juu ya mgongo. Akaacha kucheua. Akatoa ulimi. Akaanza kupiga magoti.

Paker alipofika hakuniuliza kitu. Aliona debe. Uso wake ulibadilika mara moja tu, nikaona mtu mzee sana, halafu ukarudi. Nashipae alikuja mbio na magadi, Mama akatoa mafuta yote ya kupikia ndani ya nyumba, wakamnywesha kwa chupa, mimi nimeshika pembe. Paker akasema asilale. Akilala ameenda, na ndama wake naye. Atembezwe.

Nikamtembeza. Mimi mbele na kamba, Paker nyuma na bega. Kutoka ploti mpaka barabara, barabara mpaka soko, soko mpaka barabara. Jua kali. Watu wanauliza kama ninauza puto. Kila akitaka kulala nilimsukuma kwa kichwa, na mimi nilikuwa nalia, nadhani ni kwa sababu ya vumbi. Nilimwambia maneno mengi huyo ng'ombe. Nilimwambia akipona sitamlisha kitu chochote mpaka afe.

Mara ya sijui ngapi tulipopita mbele ya Macharia, Mugie alisimama. Akatanua miguu. Kulitoka mngurumo kutoka mbele na mwingine kutoka nyuma, mpaka kreti ya vitunguu ikatikisika, halafu yakafuata yale mengine, na yalifika mbali. Vitunguu vya Tanzania havijawahi kupokewa hivyo tangu vivuke mpaka.

Soko lote lilipiga makofi. Macharia alikuwa amefunga macho na mdomo, kwa sababu nzuri.

Paker alikumbatia shingo ya Mugie pale pale sokoni. Halafu akaniambia, Paker, viganja viwili.

Jumamosi, 3 Oktoba

Hakuna jipya. Natwanga magunzi. Naokota majani. Nafagia bucha ya Githongo, deni la heshima. Mikono yangu imekuwa ya mtu wa mjengo. Mbingu ni bati.

Ng'ombe bado wanane. Wanasimama bila kuegemeana.

Macharia amebadilika. Amekuwa akiniletea mabaki ya karoti, na ananiita Masila, jina langu, bila cheo. Leo nimejua sababu. Aliniuliza kwa sauti ya chini yule mzee nilimpataje, na kama ni kweli kule Bisil mtu akisema vizuri anapewa mnyama bila kulipa. Nikamwambia hiyo ni siri ya kazi. Akasema yeye pia ana shida nyingi, anaweza kuzisema. Nikamwambia shida za vitunguu hazina utamu.

Amenitia wasiwasi.

Alhamisi, 8 Oktoba

Mugie amezaa. Ndama jike, kahawia kama mama yake, miguu mirefu ya kuazima. Paker alitema mate ya baraka juu yake na mengine yakanifikia. Mama amepika chapati, siku ya kazi, bila mgeni wa kanisa.

Ndama alijaribu kunyonya kidole changu. Nilimwacha. Nilikuwa nimechoka kukitoa.

Jumamosi, 17 Oktoba

Mvua.

Ilianza na harufu, halafu bati moja, halafu mabati yote ya Kitengela. Nashipae alitoka nje akasimama tu katikati ya njia na maziwa yake yakiingia maji. Leo ndiyo siku ya kwanza ameuza maziwa yenye maji bila mteja kulalamika.

Habari nyingine. Mama amepata kile kibanda cha mabati. Ni pesa za zile gorogoro zake. Nilipaka rangi jina mwenyewe, herufi nyekundu. NZILANI NAFAKA, jina la Mama. Nilipendekeza tuongeze chini yake "na Mwana". Mama alisema bati limeisha. Niliona bati limebaki, lakini mvua ilikuwa inanyesha, sikutaka ubishi.

Jumanne, 20 Oktoba

Paker ameenda. Huko kwao mvua ilitangulia na nyasi zimetoka, kijana wake amepiga simu. Alikuja na wanane, anarudi na tisa.

Asubuhi alimshukuru Mama kwa muda mrefu, akamwachia fimbo yake. Halafu akaniita. Nikainamisha kichwa. Akanigusa, akaniambia kwamba tangu leo hatutaitana Paker tena. Nilishtuka, nikadhani amekumbuka kondoo. Akasema yule ndama jike ni wangu. Atamlea yeye kule Bisil pamoja na mama yake mpaka akue, lakini ni wangu, na uzao wake ni wangu. Kwa hivyo tunaitana Paashe, watu wenye ndama kati yao.

Sikuwa na maneno. Mama ni shahidi. Aliangalia saa.

Nashipae alinieleza baadaye, akiosha makopo. Ndama ni mzito kuliko kondoo. Mtu wa kondoo anakuja na shida moja. Mtu wa ndama anakuja na shida zake, na za wanawe, hata mimi nikishazikwa. Mama aliuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia.

Nimesikia kwamba nimepandishwa cheo.

Jumatano, 21 Oktoba

Sijalala, lakini safari hii ni kwa furaha. Nimepiga hesabu. Boma moja, dakika chache za kueleza shida, kondoo mmoja. Kondoo anageuka ndama. Kutoka Bisil mpaka Namanga kuna boma ngapi? Mtu mwenye mdomo anaweza kuwa Paker wa wilaya nzima kabla ya Krismasi. Wengine wanangoja meli. Mimi nangoja "unahitaji?"

Nimemweleza Mama. Alikuwa anapima maharagwe. Aliuliza kama nimefikiria siku hao wote watakapokuja hapa pamoja, kila mmoja na ng'ombe wake. Nikamwambia Mama, tazama nje. Ukame umeisha, nyasi zinachipua kila mahali. Hawa watu watakuja Kitengela kutafuta nini tena?

Mama alifunga macho kidogo, akafungua, akaendelea kupima.

Naondoka kesho alfajiri, kabla Macharia hajaamka. Jana nilimwona akinunua viatu vya kutembelea. Nimeshaandaa shida nne, moja ya machozi. Na nikimaliza upande wa Bisil, nasikia Ewuaso Kedong ndiko kondoo wana mikia minene.